Waziri wa Zamani, Leo Nani Anakulipa?

Ukisikiliza redio za Lubumbashi, utakutana na mgeni wa namna hii: jana alikuwa mkubwa serikalini, leo anatambulishwa kama "mtaalamu wa madini". Anaeleza kwa nini kodi ni nzito, kwa nini kampuni zisisumbuliwe, kwa nini serikali ilegeze masharti. Anasema vizuri. Lakini kuna ulizo moja ambalo lazima litangulie, hata kabla ya bei ya kobalti: mheshimiwa, leo nani anakulipa?

Ulizo hilo si tusi. Mtu akitoka wizarani hatoki mikono mitupu. Anajua mkataba gani una tundu, mkurugenzi gani anaogopa nini, serikali iko tayari kushuka mpaka asilimia ngapi. Anazo namba za simu za wale waliobaki ofisini, na wengine wao ni yeye aliyewaweka pale. Vitu hivyo vyote alivipata kwa mshahara uliotoka katika kodi ya mama anayeuza unga pale soko la Kenya na ya dereva wa taksi wa Katuba. Akivipeleka kwa kampuni na kuviita "ushauri", anauza mali ambayo si yake peke yake.

Na tusiambiwe kwamba njaa ndiyo inawasukuma. Mwezi wa 11 mwaka wa 2018, uchaguzi ukiwa karibu kabisa, Waziri Mkuu Bruno Tshibala alitia sahihi amri za kuwatunza mawaziri wakuu na mawaziri wa zamani: kila mwezi asilimia 30 ya malipo ya yule aliye kazini, pesa za nyumba, dola 5,000 kwa aliyekuwa waziri mkuu na dola 1,000 kwa aliyekuwa waziri, tena tikiti ya ndege kila mwaka, katika viti vya wakubwa. Mwalimu wa shule ya msingi aliyemaliza miaka 35 ubaoni angependa kusikia amri kama hiyo juu yake.

Mwezi huo huo, waziri mkuu huyo huyo alitia sahihi amri nyingine, na hii ilikuwa nzuri: kobalti iliwekwa kati ya madini ya pekee, na malipo yake kwa serikali, yale tunayoita redevansi, yakafika asilimia 10. Sheria ya madini ya 2018 inagawa redevansi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au sekta mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo kila asilimia inayopunguzwa juu kule Kinshasa inapunguza dawa katika kituo cha afya cha huku chini. Sasa wewe kama ni kampuni, na unataka asilimia hiyo ishuke, utamtafuta nani? Utamtafuta mtu aliyekuwa ndani ya chumba siku ilipopandishwa. Na utamlipa vizuri.

Hatari haianzi siku anapotoka. Inaanza akiwa bado kitini. Waziri anayejua kwamba kampuni iliyo mbele yake inaweza kumpa kazi mwaka kesho, ataisukuma kweli leo? Hakuna haja ya bahasha chini ya meza. Ahadi isiyosemwa inatosha.

Tutaje basi mfano unaojulikana. Augustin Matata Ponyo alikuwa waziri mkuu tangu 2012 mpaka 2016. Baada ya kutoka, alianzisha Congo Challenge, ofisi ya utafiti na ushauri. Tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka wa 2025, Korti ya Katiba ilimhukumu miaka 10 ya kazi za kulazimishwa katika mambo ya Bukanga Lonzo. Yeye anakana kosa, na kesi hiyo ilihusu miaka yake serikalini, si ofisi yake ya ushauri. Ninamtaja kwa sababu nyingine: yeye aliweka kibao mlangoni. Tunajua jina la ofisi na jina la mwenye ofisi. Hata hivyo, kibao hakituonyeshi orodha ya wateja, wala bei. Na kama mwenye kibao hatumjui wateja wake, tuseme nini juu ya yule asiye na kibao kabisa, ambaye ushauri wake ni simu moja ya usiku?

Katiba yetu inawafunga mawaziri wakiwa kazini tu. Kifungu cha 97 kinawakataza kazi nyingine ya kulipwa, isipokuwa ukulima, ufundi wa mikono, utamaduni, ufundishaji na utafiti. Kifungu cha 98 kinawakataza kununua mali ya serikali. Kifungu cha 99 kinadai waandike mali ya familia yao wakiingia na wakitoka. Baada ya hapo, Katiba inafunga mdomo. Nao mpango wa ITIE wa uwazi wa madini unadai tujue wenye kampuni ni nani, na kati yao wanasiasa ni nani. Lakini mshauri hana hisa. Analipwa kwa ankara, anapita pembeni ya orodha.

Hakuna anayeweza kusema tunadai mambo ya ajabu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya rushwa, ambao Kongo iliingia mwaka wa 2010, katika kifungu cha 12 unasema nchi zinaweza kuwawekea waliotoka serikalini muda wa kungojea kabla ya kufanya kazi inayogusa mambo waliyoyasimamia. Ulaya wameujaribu. José Manuel Barroso alipotoka kuongoza Tume ya Ulaya, kanuni ilisema angoje miezi 18. Alingoja 20, kisha mwaka wa 2016 akaenda kwa benki ya Goldman Sachs. Watu walipiga kelele, na mwaka wa 2018 muda uliongezwa: miaka 2 kwa makamishna, miaka 3 kwa rais wa Tume.

Ubelgiji nao walikuwa na mambo yao, na hayo yanatugusa. Armand De Decker, aliyekuwa waziri wa ushirikiano wa maendeleo na kisha rais wa Seneti, alilipwa kama mwanasheria zaidi ya euro 700,000 katika utetezi wa Patokh Chodiev. Chodiev alikuwa mmoja wa wakubwa watatu wa ENRC, kampuni ambayo leo ni ERG, yenye mgodi wa Frontier kule Sakania, jimboni mwetu. De Decker alikana kosa, akafa mwaka wa 2019 kabla ya kesi. Lakini bunge lao liliunda tume, likaita watu, likauliza: nani alimlipa nani, kwa kazi gani? Bunge letu lichukue ulizo hilo bure, halina kodi ya forodha.

Watu watasema: naye ana haki ya kufanya kazi, ana watoto. Kweli. Afundishe pale Unilu, alime mahindi Kipushi, afungue duka. Hakuna anayemfungia chakula. Tunamwambia tu: ile sekta uliyoishika wewe mwenyewe, iache kwanza.

Nanyi ndugu mliokimbia Goma, Bukavu na Uvira, nanyi mliotoka zamani Mitwaba na Pweto, msidhani haya ni maneno ya wakubwa tu. Tarehe 27 mwezi wa 6 na tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka wa 2025, kule Washington, amani yenu na madini yetu viliwekwa juu ya meza moja. Baada ya sahihi kutakuja kampuni, na kampuni zitatafuta washauri wanaojua milango. Wanaoongea kwa jina lenu leo, tunataka kuwa na hakika kwamba kesho hawatakaa upande wa pili wa meza.

Tunaomba mambo matatu kwa wabunge wa Haut-Katanga, wa Kinshasa na wa hapa Lubumbashi. Kwanza, miaka 2 ya kungojea katika sekta mtu aliyoisimamia. Pili, kila mkataba wa ushauri kati ya aliyekuwa mkubwa na kampuni ya madini utangazwe, pamoja na bei. Tatu, achague: pesa ya serikali ya kila mwezi au pesa ya kampuni. Zote mbili, hapana.

Na sisi wa redio tusingoje sheria. Kila mgeni wa namna hiyo akikaa mbele ya maikrofoni, aulizwe kwanza nani anamlipa, na wasikilizaji wasikie jibu. Akikataa kujibu, wasikie pia kwamba amekataa.