MAJENGO YA BIASHARA: NANI ATASEMA SIMAMA?

Ni jambo lisilo na shaka kwamba mji wetu wa Unguja umebadilika sura. Mwenyeji aliyekaa ugenini miaka 10, akirejea leo na kupita Darajani na Michenzani, huona majengo makubwa ya maduka na ofisi mahali alipoacha mabanda. Kila mwananchi mpenda maendeleo ana haki ya kuyafurahia hayo, na sisi tu miongoni mwao. Lakini furaha ya kuona jengo likipanda isitusahaulishe swali ambalo kila aliyekabidhiwa mradi hana budi kujiuliza kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa: likitokea la kutokea, hasara itakuwa ya nani?

Jawabu haliko mbali. Jengo la maduka la Michenzani limejengwa kwa fedha za Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Zanzibar. Twalitaja si kwa kulitia ila, bali kwa kukumbusha kwamba fedha hizo ni akiba ya mwalimu wa Makunduchi na muuguzi wa Wete, wanaokatwa mishahara yao kila mwezi kwa kutaraji pensheni. Mradi wa namna hiyo ukichelewa au ukizidi makisio, mlipaji wa mwisho ni mzee huyo. Na jengo likianguka, mlipaji ni yule aliyekuwa chini yake.

Wenzetu wamekwisha kulipa. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza karibu. Viongozi walieleza kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Hazikupita wiki nne, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la biashara la Rana Plaza huko Bangladesh likaanguka na kuua watu 1,134. Jengo hilo lilisimamishwa juu ya bwawa lililofukiwa. Likaongezwa ghorofa bila ya kibali. Kisha ghorofa zilizokusudiwa maduka na ofisi zikatiwa mashine za viwanda vya nguo. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, ambako jengo la maduka liliangukia watu waliokuwamo katika shughuli zao, na zaidi ya 20 wakafariki. Nasi hapa Unguja hatujasahau tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka ikiwa katika matengenezo, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha.

Msomaji atasema kwamba hiyo ni kudura. Sisi tuliokaa chuoni tangu utotoni hatuikanushi kudura. Lakini tulifundishwa huko huko kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, ndipo akategemea. Katika ujenzi, kufunga ngamia ni kupanga.

Mpango huanza ardhini. Mwananchi wa leo hupita Darajani bila ya kufikiri kwa nini pahala pale pakaitwa hivyo. Palikuwa na daraja kwa sababu palikuwa na maji: mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambao ulifukiwa kidogo kidogo katika karne iliyopita. Ardhi iliyofukiwa haibebi uzito kama ardhi ya asili. Kwengineko kisiwani tumekalia mawe ya matumbawe ambayo huonekana magumu juu na kumbe ndani yana mapango, kama lile la Mangapwani. Kwa hiyo, kuchimba mashimo ya majaribio na kupima udongo kabla ya kuchora msingi si anasa ya wataalamu. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kuubomoa msingi uliokwisha kumwagwa.

Mpango pia ni wa bahari na wa majira. Sehemu kubwa ya vifaa hufika kwa chombo, na chombo hungoja gati na hali ya bahari. Anayepanga kuchimba msingi mwezi wa Aprili amepanga kuchimba kisima, kwani masika hayamsikilizi mkandarasi. Saruji iliyorundikwa ghalani katika unyevu wetu huganda kabla ya kazi. Na mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi, nayo chumvi huila nondo ndani ya zege kimya kimya, hata nguzo ikapasuka miaka mingi baada ya sherehe za ufunguzi kusahauliwa.

Hapo kwenye sherehe ndipo penye neno letu la leo. Ni desturi njema kwamba mawe ya msingi huwekwa, na majengo hufunguliwa, katika shamrashamra za Mapinduzi ya tarehe 12 Januari. Lakini tarehe ya sherehe isigeuzwe kuwa mhandisi. Zege hupimwa nguvu yake kamili baada ya siku 28, wala haikomai upesi zaidi kwa kuwa mgeni rasmi amekwisha alikwa. Kiongozi anayemwambia mkandarasi "lazima tufungue tarehe hiyo" huenda anadhani anahimiza kazi. Kumbe anamfundisha kuondoa mirunda mapema na kuficha ufa kwa lipu.

Yaliyotokea Rana Plaza yanatosha kuwa somo. Nyufa zilionekana siku moja kabla ya maafa. Benki iliyokuwamo humo iliwaambia wafanyakazi wake wasije, na maduka ya chini yakafungwa. Wafanyakazi wa viwanda wakaamriwa kuingia, kwa kuwa mzigo wa nguo ulikuwa na tarehe ya kupelekwa. Ufa ule ulionwa na wote. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema "simama", akatiiwa.

Basi sisi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mradi wowote wa biashara unaotumia fedha za umma usitiwe saini kabla ya ripoti ya udongo kukamilika, na makisio yake yawe na fungu la tahadhari lisiloguswa kwa mapambo. Pili, mkataba umtaje mhandisi mmoja, asiyelipwa na mkandarasi wala asiyeteuliwa naye, mwenye uwezo wa kusimamisha kazi kwa maandishi, na amri yake isiweze kutenguliwa kwa simu ya mkubwa yeyote. Tatu, anayeongeza ghorofa au kubadili matumizi ya jengo baada ya kibali arudishwe mwanzo kama mwombaji mpya, awe tajiri, awe taasisi, awe ndugu yetu katika Chama.

Tunajua kwamba jambo la pili ndilo zito. Si rahisi kwa kijana aliyetoka chuoni juzi kumzuia mwenye cheo, ilhali viti vimekwisha pangwa na bendera zimekwisha tundikwa. Ndiyo maana nguvu yake haina budi kutoka kwenye mkataba, si kwenye ushujaa wake. Kiongozi aliyeahirisha ufunguzi kwa sababu mhandisi amesema bado hajashindwa kazi, ameifanya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hujengwa tena, lakini waliofunikwa nao hawarudi.