Kaye Iliyolala Haijafa

Liko wazo moja linalopita sana katika mji wetu wa Bukavu, toka soko la Nyawera mpaka Kadutu na Bagira, nalo watu hulipokea kana kwamba ni hekima ya wazee. Husemwa kwamba hadithi iliyoachwa katikati imekufa, na kwamba mtu mwenye akili hafukui maiti. Tumelisikia kwa walimu wa shule, tumelisikia kwa waimbaji wa kwaya, tumelisikia hata kwa watu waliosoma hadi chuo kikuu. Sisi twasema wazi tangu mwanzo: wazo hilo ni la uongo, tena linatudhuru.

Maana ni nani kati yetu asiyejua nyumba yenye kaye ya namna hiyo? Imewekwa ndani ya sanduku, chini ya vitenge na vyeti vya ubatizo. Ndani yake mna nusu ya mchezo wa Noeli, au sura tatu za hadithi, au utenzi wa beti arobaini uliokusudiwa kufika mia. Mwenyewe aliianza alipokuwa mwanafunzi, au katika likizo ya seminari. Kisha akaoa, akapata kazi, mtoto akaugua, vita vikaja. Ikapita miaka saba, ikapita kumi na mitano. Leo ukimwuliza habari zake hucheka kidogo na kusema kwamba yale yalikuwa mambo ya ujana.

Tuseme hadithi yenyewe ni ya kijana aliyetoka Bukavu kwenda kuchimba dhahabu Kamituga. Amefika Mwenga, anangoja gari kando ya njia, na hapo kalamu ilisimama. Basi kijana yule anangoja gari mwaka wa tisa sasa! Mama yake hajui kama amekufa au yu hai. Ni nani awezaye kumpandisha gari, ila yule aliyemshusha pale? Mtu akiacha shamba lake, jirani aweza kulilima. Hadithi iliyoachwa haina jirani.

Sasa tuwasikilize wanaotupinga, tuwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza hutuambia: ngojeni amani, maana nani aandike hadithi katika nchi yenye taabu kama hii? Neno hili lina sura ya busara. Lakini tupige hesabu. Mtu aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955 alikuwa na miaka 12 hivi mamluki wa Schramme walipoushika mji, toka Agosti mpaka Novemba 1967. Alikuwa na miaka 41 vita vilipoingia mjini mwezi wa Oktoba 1996. Alikuwa na 43 vita vya pili vilipoanza Agosti 1998. Alikuwa na 49 askari waasi walipoutwaa mji Juni 2004. Naye alikuwa amekaribia 70 mwezi wa Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia. Je, mtu huyo umwambie angoje mpaka lini? Aliyengoja amani ili aandike amezeeka, na kaye yake imeliwa na mchwa.

Tena tujiulize ni nini hupotea kwa kungoja huko. Habari za vita vyetu zimeandikwa sana, na watu wa mbali, katika taarifa zenye kurasa nyingi. Humo mna idadi ya waliokufa na majina ya majeshi. Lakini namna bibi zetu walivyochekesha watoto gizani mabomu yakilia, namna arusi ilivyofungwa asubuhi ya siku ile mbaya, namna jirani alivyomficha jirani, hayo hayamo. Hayo yamo katika kaye zetu, nusu nusu, na kila mwaka tunazika wazee walioyajua. Hapo ndipo penye hasara.

Maandiko Matakatifu yenyewe yanawapinga wenye neno hili. Someni sura ya 36 ya kitabu cha nabii Yeremia. Nabii alimtamkia Baruku maneno yake, naye Baruku akayaandika kwa wino katika gombo. Mfalme Yoyakimu aliposomewa gombo lile, alikuwa ameketi penye moto wa wakati wa baridi. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Kisha akaamuru Yeremia na Baruku wakamatwe. Je, Yeremia alisema kwamba kazi imekufa? La! Alitwaa gombo jingine, Baruku akaandika tena yote, na maneno mengine mengi ya namna ile yakaongezwa. Wala hawakungoja amani. Yerusalemu ilikuwa karibu kuanguka. Na hapa kwetu twamkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa papa hapa Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996. Yeye aliandika barua zake za kuombea watu wake huku vita vikikaribia. Kama angengoja utulivu, tusingekuwa na barua hata moja.

Wa pili hutuambia: moto uliokuwako wakati ule umezimika, na mtu hawezi kuandika bila moto, afadhali anunue kaye mpya aanze jambo jipya. Huyu tunamwogopa kuliko wa kwanza, maana humfurahisha mtu. Kaye mpya haina aibu, haina makosa, haina ukurasa wa kukusuta. Lakini nayo itafika katikati, nayo itapoa, na huyo mtu atanunua ya tatu. Tunawajua watu wenye mianzo kumi wasio na mwisho hata mmoja. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hatukuambiwa kwamba ukiyaona baridi uvue nguo penye mto mwingine.

Tena si kweli kwamba moto ukizimika hauwashwi. Mwingereza John Ronald Reuel Tolkien, Mkatoliki na mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford, alianza kitabu chake The Lord of the Rings mwezi wa Desemba 1937. Kisha vita kuu vya pili vikaja. Mwishoni mwa 1940 kalamu yake ilisimama, na wasafiri wa hadithi yake wakiwa ndani ya mapango yenye giza, mbele ya kaburi. Wakakaa humo karibu mwaka mzima! Halafu akarudi akawatoa. Akasimama tena; na mwaka 1944 akarudi tena, akiandika sura baada ya sura na kumpelekea mwanawe Christopher, aliyekuwa katika jeshi la anga huko Afrika ya Kusini. Kitabu kilitoka katika miaka ya 1954 na 1955, miaka kumi na saba hivi baada ya mstari wa kwanza.

Wala tusiseme hayo ni ya Wazungu. Shaaban Robert wa Tanga aliandika Maisha Yangu, kikachapwa mwaka 1949. Habari ilikuwa haijaisha, maana yeye mwenyewe alikuwa hajaisha. Miaka kama kumi ilipopita, alipofika umri wa hamsini, alishika tena uzi ule ule, akaandika Baada ya Miaka Hamsini. Naye Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa Paradise mwaka 1994, na mwishoni mwake kijana Yusuf anakimbilia msafara wa askari wa Wadachi. Miaka ishirini na sita baadaye, mwaka 2020, alitoa Afterlives, akayaingia maisha ya askari wale na vita vile katika pwani ile ile. Na mwaka 2021 akapewa tuzo la Nobel. Angalieni jambo hili: miaka ya katikati haikuwa hasara tupu. Mtu wa miaka hamsini anajua lile ambalo kijana alilikisia tu. Ule mstari uliokushinda ulipokuwa na miaka ishirini, pengine ulikushinda kwa kuwa ulikuwa bado hujamzika mzazi wala kumlea mtoto.

Wa tatu ni mjanja, hutuletea mtakatifu. Asema: hata Mtakatifu Toma wa Akwino aliacha Summa bila kuimaliza! Ni kweli. Tarehe 6 Desemba 1273, baada ya Misa, aliweka kalamu chini, naye akafa tarehe 7 Machi 1274. Lakini yeye aliacha kwa kuwa aliona jambo kubwa hata maandishi yake yakawa kama majani makavu mbele yake. Je, nasi tumeacha kwa kuwa tumeonyeshwa mbingu, au kwa kuwa tulichoka? Tena wanafunzi wake hawakusema kwamba kitabu kimekufa. Walichukua maandishi yake ya zamani juu ya Sentensi za Petro Lombardo, wakayapanga kuwa sehemu ya mwisho. Hata kwa Toma, basi, kazi iliyolala iliamshwa, tena kwa maandishi ya ujana wake.

Basi, mtu arudi namna gani? Hatutaki kumwambia mtu arudi bila kumwonyesha njia.

Kwanza aisome kaye yote tangu ukurasa wa kwanza, bila kalamu mkononi. Akishika kalamu ataanza kusahihisha, na kusahihisha mwanzo ni mtego: wengi wameandika ukurasa wa kwanza mara ishirini, hawakuona wa pili. Pili, atwae karatasi moja, aandike majina ya watu wa hadithi, kila mmoja yuko wapi, na anataka nini. Maana baada ya miaka tisa mwenyewe amekuwa mgeni katika nyumba yake. Tatu, aende palepale kalamu iliposimama, aandike mstari unaofuata, hata uwe mbovu. Mpandishe kijana gari! Makosa ya nyuma yatangoja. Nne, awe na saa yake, nusu saa tu, baada ya Misa ya asubuhi au watoto wakilala; na umeme ukikatika, iko mishumaa. Tano, kama Yeremia, aongeze aliyojifunza tangu siku ile. Na ikiwa moto au mvua imeila kaye, na atamke tena yote anayoyakumbuka, au mwanawe amwandikie kama Baruku.

Twakubali neno moja: si kila kaye itakuwa kitabu. Pengine mtu ataisoma yote na kuona kwamba hana tena la kusema humo. Na aifunge kwa amani, lakini baada ya kuisoma. Kinachokatazwa ni kuzika bila kutazama kama ndugu bado anapumua.

Nanyi wakubwa wa kwaya na wa vyama vya parokia, acheni kuwacheka wanaorudi. Noeli ikikaribia msitafute michezo ya nchi nyingine tu. Waulizeni watu wenu ni nani mwenye nusu ya mchezo sandukuni, mkampe wiki sita za kuumaliza.

Haya, wasomaji, fungueni masanduku. Wazee walikwisha kutuambia: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.