Mgonjwa Asiyejibu si Gogo

Msomaji, huenda umepata kusikia neno hili likinenwa kando ya kitanda cha mtu aliyeanguka kwa pikipiki akaumia ubongo: "Huyu amekuwa gogo." Macho yake hufumbuka na kufumba, lakini salamu haitikii. Neno hilo ni fupi, nalo hukata hukumu. Aitwaye gogo hageuzwi kitandani, akatoka vidonda. Viungo vyake havinyoshwi, vikakakamaa. Wala hasemezwi tena.

Mimi napinga hukumu hiyo. Mwaka 2009 wataalamu wa Ubelgiji walichapa habari za wagonjwa 44 ambao waganga wao walikubaliana kuwa hawana fahamu. Walipopimwa upya kwa utaratibu maalumu, 18 walionekana wanayo, ingawa kidogo.

Utaambiwa kuwa hayo ni mambo ya nchi tajiri, si ya Lodwar, wala ya Kakuma, kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992. Hoja hiyo ni ya uvivu. Kipimo chenyewe chataka nini? Chataka kioo cha kujitazamia. Hupitishwa polepole mbele ya mgonjwa, mpimaji akiangalia kama macho yanakifuata, maana macho mara nyingi hufuata uso wa mwenyewe hata yakiudharau wembamba wa kalamu. Chataka amri nyepesi, kama "fumba macho". Tena chataka subira, kwa kuwa fahamu ya namna hii huja na kwenda: utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa yafaa kupima mara 5 katika muda mfupi kabla ya kukata shauri.

Lakini amri itamkwe kwa lugha gani? Mama wa Kiturkana asiyejua Kiingereza, akiamriwa kwa Kiingereza asifumbe macho, hakukosa fahamu, amekosa mkalimani. Ndivyo ilivyo kwa Mdinka, na kwa Msomali, pale Kakuma. Na ndugu amwoshaye mgonjwa, asemaye kuwa jana jioni alibanwa mkono, asichekwe. Kweli, mkono waweza kubana pasipo nia. Basi na upimwe.

Hata atakayeshindwa na kioo asiitwe gogo. Mwaka 2024 ilitangazwa kuwa kati ya wagonjwa 241 wasiotii amri yoyote kwa mwili, ubongo wa 60 ulionekana kwa mashine ukiitii. Mashine hizo ni za mbali na ghali. Kumgeuza mgonjwa, kumnyosha viungo na kumwita kwa jina lake kwawezekana Lodwar leo hii.