MEZANI PAKO KUNA NINI PASAKA HII?



Juzi mama mmoja wa kanisa letu alinisubiri baada ya maombi ya jioni, simu mkononi. Binti yake anaishi Marekani na mumewe na watoto wawili. Jirani yao, mwanamke mkarimu aliyewaletea chakula wiki nzima binti alipojifungua, amewaalika watoto kwenye sherehe inayoitwa Ostara. Watapaka mayai rangi kwa maji ya maganda ya vitunguu. Watapanda mbegu kwenye vikopo. Watafuma mashada ya maua. Kisha watasimama kuzunguka meza yenye mishumaa na sanamu ndogo ya mungu wa kike, na kumshukuru kwa kuwarudishia jua.

Binti ameuliza, "Mama, ubaya uko wapi? Ni kazi za mikono tu." Na mama akaniuliza, "Mchungaji, nimjibu nini?"

Nataka kumjibu hapa, maana najua si yeye peke yake mwenye mtoto ng'ambo.

Kwanza, tusimsingizie jirani. Ostara ni sikukuu ya Wapagani wa siku hizi. Hilo si tusi, wengi wao wanajiita hivyo wenyewe. Wengi ni wafuasi wa Wicca, dini iliyoanza kujulikana Uingereza katikati ya karne ya 20. Wana sikukuu nane kwa mwaka, zikifuata mwendo wa jua, na Ostara huangukia karibu tarehe 20 Machi, siku ambayo mchana na usiku hulingana, baridi ikiondoka na miti ikianza kuchipua. Sisi wa ikweta mchana na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima, na Machi kwetu ni kutazama mawingu tukingoja mvua ya masika. Lakini mtu aliyekaa miezi kwenye theluji, akiona ua la kwanza, moyo wake unatafuta wa kushukuru. Hamu hiyo si dhambi. Swali ni shukrani inaenda kwa nani.

Pili, na hapa nasema na ninyi mnaonitumia ule ujumbe wa WhatsApp kila mwaka, unaodai kwamba Pasaka ilikuwa sikukuu ya Ishtar wa Babeli, na yai na sungura zilikuwa alama zake. Acheni kuusambaza. Alama za Ishtar zilikuwa simba na nyota. Pasaka ni neno lililotoka kwa Waebrania, la usiku ule wa Misri.

Jina la Kiingereza ndilo lenye habari nyingine. Mwaka 725 mtawa Mwingereza aitwaye Bede aliandika kitabu kuhusu hesabu ya nyakati. Humo akasema kwa kifupi tu kwamba mababu zake waliuita mwezi wa Aprili kwa jina la mungu wa kike, Eostre. Hakutaja yai. Hakutaja sungura. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mwaka 1835, mwanachuoni Mjerumani Jacob Grimm alikisia kwamba Wajerumani nao walikuwa na wa kwao, akamwita Ostara. Na mwaka 1974 Mmarekani Aidan Kelly akalichukua jina hilo na kulipachika kwenye ile kalenda ya sikukuu nane. Kwa hiyo jirani anaposema hii ni mila ya kale, mwambie kwa upole kwamba kalenda yake ni changa kuliko bibi wa watoto wako.

Na mayai? Karne nyingi Wakristo wa Ulaya hawakula mayai wakati wa Kwaresima. Kuku hawafungi, waliendelea kutaga, na Pasaka ilipofika mayai yalikuwa tele. Mwaka 1290 mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alinunua mayai 450 ya kupambwa kwa Pasaka. Waorthodoksi hadi leo huyapaka rangi nyekundu kukumbuka damu ya Kristo. Yai halina pepo, mpendwa. Ukimkemea mtoto kwa sababu ya yai, unamfundisha kuogopa kuku.

Sasa nifike penye moto.

Ubaya uko kwenye ile meza. Soma 1 Wakorintho 8, kisha ufunue sura ya 10. Paulo yule yule anayesema sanamu si kitu, ndiye anayekataza kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani. Hakujichanganya. Chakula sokoni ni chakula. Lakini mahali ambapo jina linaitwa na shukrani inatolewa, hapo ni madhabahu, hata kama kitambaa kina picha za vipepeo. Mtoto wa miaka sita akifundishwa kumwambia mungu wa kike "asante kwa jua," hiyo ni ibada. Na jirani mwenyewe hatakataa, kwa sababu yeye anaichukua dini yake kwa uzito. Wewe ndiye unayeiita mchezo. Umemkosea Mungu wako, na umemdharau na jirani pia.

Usiniambie mtoto haelewi. Alipokuwa haelewi ndipo ulipomfundisha kusema "Baba yetu." Mikono inajifunza kabla ya akili, na moyo unafuata mikono.

Ndiyo sababu ujumbe huu hauwezi kuishia kwa jirani. Nikuulize, mzazi uliyeokoka: huyo mtoto alikuwa amealikwa meza gani nyingine?

Jirani ameosha vikopo. Ametafuta mbegu. Amechemsha maganda. Ametenga siku nzima kumwonyesha mtoto kile anachokiamini. Na sisi? Pasaka iliyopita, katika kanisa ninalochunga mimi, watu wazima walilia mbele ya madhabahu saa tatu, na watoto walikuwa chumba cha nyuma na biskuti na juisi, wakiambiwa wanyamaze. Niliyepanga hivyo ni mimi. Nimetubu mbele za Bwana na natubu mbele yenu. Jumatatu ya Pasaka tulichoma nyama, tukapiga picha, tukarudi kazini. Hakuna mtoto aliyeuliza lolote, kwa sababu hakukuwa na la kuuliza.

Soma Kutoka 12. Mungu alipotaka Israeli wasisahau, aliwapa chakula cha kuandaa: mwana-kondoo, mkate usio na chachu, mboga chungu. Akawaambia watoto watauliza maana yake, na mzazi ajibu. Soma Yoshua 4. Mawe kumi na mawili yaliwekwa ili mtoto ayaone na aulize. Mungu wetu ndiye aliyeanza kazi za mikono nyumbani. Tumeziacha chini, wengine wakaziokota, halafu tunashangaa watoto wanawafuata.

Kwa hiyo, mama, mwambie binti yako hivi. Mwaliko wa ile meza aukatae, lakini asiukatae kwa ujumbe wa simu. Aende mlangoni na chapati moto, aseme: "Dada, asante. Sisi tunamshukuru Yesu peke yake, kwa hiyo watoto hawatasimama kwenye meza hiyo. Lakini Pasaka njooni kwetu." Paulo kule Athene, Matendo 17, alizitazama madhabahu zao kwanza, kisha akasema nao kama watu wanaotafuta.

Kisha Pasaka, meza iwepo kweli! Watoto wakande unga wenyewe. Chapati ya kwetu haina hamira. Waambie ndiyo haraka ya kutoka Misri. Pika managu bila maziwa wala krimu, waonje uchungu, waulize utumwa ulikuwaje. Wiki mbili kabla, wapande maharagwe kwenye mkebe, na siku hiyo wayachimbue moja waone mbegu imepasuka na mche umetoka, kisha wasomee 1 Wakorintho 15. Wakitaka kupaka mayai rangi nyekundu, wapake. Kabla ya kula, mdogo kuliko wote aulize, "Kwa nini tunafanya hivi?" Na baba ajibu kwa mdomo wake, asimwachie mchungaji.

Na wewe uliye Nakuru, Kitale au Likoni, usidhani haya ni ya Marekani. Hutamkuta jirani wa Ostara, lakini Pasaka yako inaweza kuwa tupu vile vile. Mtoto asiyekuta kitu mezani pako ataketi kwa yeyote atakayempa kiti.

Tuombe. Baba, katika jina la Yesu, tusamehe kwa kuwapa watoto wetu makatazo bila kuwapa meza. Utupe mikono ya kuandaa na kinywa cha kujibu. Mkumbuke na yule jirani mkarimu. Siku moja amshukuru Yeye aliyeliumba jua. Amina.

Kama una mtoto nyumbani, niandikie hapa chini: Pasaka hii atauliza nini, na utamjibu nini?