Mazungumzo ya Nyumbani: Sikio Kwanza, Ulimi Baadaye

Mwezi huu tumepokea barua ya mwalimu mmoja wa shule ya bara, nasi twamshukuru kwa kuwa hakuficha kosa lake. Atueleza kwamba darasani mwake alikuwamo kijana wa miaka 13, mcheshi na mwenye bidii. Ghafula kijana akawa mnyamavu, kazi zake zikaharibika, na saa ya michezo akawa akiketi peke yake chini ya mwembe. Mwalimu akamwita baada ya masomo, akamketisha mbele ya meza, akasema naye saa nzima. Alimwonya juu ya uvivu, akamkumbusha taabu wazipatazo wazazi, akamtolea mfano wa maisha yake mwenyewe. Kijana akaitikia kila mara, "Ndiyo, mwalimu." Kesho yake hakuja shuleni, wala juma lile lote. Baadaye mwalimu akasikia kwa jirani kwamba mama wa kijana aliondoka nyumbani mwezi uliotangulia, na kwamba tangu hapo kijana ndiye awapikiaye wadogo zake. Mwalimu atuuliza: "Nimekosa wapi? Sikumpiga, sikumtukana, nilimwambia mema matupu."

Bwana Mwalimu, kosa lako ni kosa letu sote. Katika saa ile nzima hukumwuliza neno hata moja ambalo wewe mwenyewe hukudhani umekwisha kulijua jibu lake.

Tutazame desturi za nyumba zetu. Mtoto akija analia, twamwambia, "Nyamaza." Mke akianza kueleza uchovu wake, mume amkata kauli kwa shauri kabla hajafika katikati ya habari. Mfiwa akitaka kusema juu ya maiti wake, twageuza maneno, tukidhani twamsaidia asahau. Twasema, "Yatapita," au, "Wenzako wana makubwa kuliko hayo." Maneno hayo twayasema kwa upendo, walakini mwenye kuambiwa husikia neno moja tu, yaani, "Funga mlango." Naye huufunga. Mnakumbuka rafiki zake Ayubu: siku saba waliketi naye chini, kimya, na kwa hilo hawakukosa, taabu ilianza walipofumbua vinywa wamfafanulie sababu ya mateso yake.

Kwamba kusikiliza ni kazi yenye ustadi wake, wataalamu wa elimu ya nafsi, iitwayo saikolojia, nao walijifunza kwa kukosa kwanza. Huko Marekani aliishi bwana mmoja, jina lake Carl Rogers, aliyezaliwa mwaka 1902 karibu na mji wa Chicago. Katika ujana wake aliingia chuo cha elimu ya dini huko New York, kisha akakiacha akafuata elimu ya nafsi. Tangu mwaka 1928 alifanya kazi miaka 12 katika mji wa Rochester, akiwashughulikia watoto wenye shida pamoja na wazazi wao. Siku zile ilikuwa desturi mtaalamu achunguze, atambue asili ya shida, kisha amfunulie mwenyewe. Rogers naye alifanya vivyo hivyo, hata siku moja akafundishwa na mama mmoja.

Mama huyo alikuwa na mwana mtukutu sana. Rogers aliona kwamba asili ya utukutu ule ni mama kumkataa mwanawe tangu alipokuwa mdogo, akajaribu mara nyingi, kwa upole, kumwongoza mama aone hivyo. Hakuona. Mwisho Rogers akakata tamaa, akamwambia kwamba wote wawili wamejitahidi na kazi imeshindikana, afadhali waiache. Mama akakubali, wakapeana mikono, akaenda zake mpaka mlangoni. Hapo akageuka, akauliza kama mahali pale hupokewa na watu wazima wenye kutaka shauri. Alipoambiwa ndiyo, akarudi kwenye kiti kile kile alichokiacha, akaanza kumwaga uchungu wa ndoa yake, jinsi mambo yalivyoharibika baina yake na mumewe, na jinsi ajionavyo ameshindwa. Habari hizo hazikufanana hata kidogo na zile kavu alizozitoa siku zote zilizotangulia. Tangu saa ile ndipo msaada wa kweli ulipoanza, na mwisho wake ukawa mwema.

Rogers mwenyewe aliisimulia habari hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1961, akasema ilimfunza kwamba aliyeumia ndiye ajuaye panapouma. Wazee wetu walikwisha kulisema hilo kwa njia yao: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Basi Rogers akafundisha kwamba mwenye kutaka kumsaidia mwenziwe na awe na mambo matatu: awe mkweli, asijivike uso usio wake, amheshimu mwenye shida bila masharti, tena ajitahidi kuliona jambo kwa macho ya mwenye kusema, si kwa macho yake.

Labda msomaji atasema, "Hayo ni ya wenye vyuo, sisi ni watu wa jembe na chaki." La. Sikilizeni habari nyingine, ya Afrika yetu hii, katika mji wa Harare nchini Zimbabwe.

Mwaka 2005 daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alifiwa na mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Wazazi walitaka kumleta hospitali, ila hawakuwa na nauli ya basi, dola 15. Daktari akaona kwamba kuwangoja watu hospitalini hakutoshi, na madaktari wa kazi yake katika nchi ile walikuwa wachache mno. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, akapewa wasaidizi 14, nao ni akina bibi, wanawake wazee wa mtaa waliokuwa wakifanya kazi ya afya. Vyumba havikuwapo, basi wakaketi nje, kwenye benchi. Kwanza benchi liliitwa kwa jina la maradhi ya akili, watu wakaliepuka. Akina bibi ndio waliompa daktari shauri: liitwe Benchi la Urafiki. Tena wakamwambia aache maneno ya kitabibu, atumie neno la Kishona ambalo kila mtu alijua, *kufungisisa*, maana yake kuwaza kupita kiasi. Sikio la Mswahili hapa lasikia "kufunga". Maneno hayo mawili si mamoja, lakini atakayesema kwamba kuwaza kupita kiasi humfunga mtu hatakuwa amekosea sana.

Kazi ya bibi ni hatua tatu. Ya kwanza waiita kufungua mawazo: mgeni asimulie shida zake zote, bibi asikilize. Kisha mgeni mwenyewe achague shida moja ya kuanza nayo, na kwa kuulizwa na bibi atafute hatua ndogo awezayo kuitenda. Ya pili ni kuinua, na ya tatu ni kutia nguvu, mgeni anaporudi na kueleza ilivyokuwa. Angalieni: bibi hachagui shida, mgeni ndiye achaguaye.

Je, yafaa? Wataalamu waliijaribu kazi hii katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573, wakaitoa habari yake mwezi wa Desemba mwaka 2016. Baada ya miezi sita, katika wale waliohudumiwa kwa njia ya kawaida ya zahanati, karibu 50 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito, ile iitwayo sonona. Katika wale walioketi na akina bibi walikuwa 14 katika kila 100. Akina bibi hawa hawakuwa na shahada, ila walifunzwa kusikiliza, na kulikuwa na wakubwa wa kuwaongoza.

Sasa tuyalete haya nyumbani. Twawapa mambo manne, mwanzo wa kujifunza.

La kwanza, mahali na wakati. Usimwite mtoto mbele ya meza yako kama mshitakiwa. Tembeeni pamoja, au mchambue mchele pamoja. Maneno mazito hutoka upesi mikono ikiwa na kazi, na macho yasipokabiliana.

La pili, uliza swali lisilojibiwa kwa ndiyo au siyo. Usiseme, "Umekuwa mvivu, sivyo?" Sema, "Mwanangu, naona siku hizi waketi peke yako. Nieleze, mambo yakoje?" Kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu, nawe utatamani kukijaza. Usikijaze, ndimo anamotafuta pa kuanzia.

La tatu, mrudishie uliyoyasikia kwa maneno yako, apate kukusahihisha. "Kumbe tangu mama aondoke, kazi ya nyumba imekuangukia wewe, nawe waona haya wenzako wasijue." Rogers alipofundisha hivi, walikuwako waliofanya mzaha kwamba mshauri amegeuka kasuku. Lakini kasuku hurudisha sauti tu; wewe warudisha maana, kisha wauliza, "Nimekuelewa vema?"

La nne, tunza siri. Mtoto akisikia neno lake sokoni, hatakuambia la pili maisha yake yote. Lakini usimwahidi kuficha kila kitu. Mwambie mapema kwamba ikiwa uhai wake umo hatarini, au pana mtu amdhuruye, itakupasa kutafuta msaada, naye utamwambia ni nani utakayemwendea.

Juu ya jambo hili la uhai tuseme wazi. Mtu akinena kwamba amechoka kuishi, msimkemee, wala msiogope kumwuliza kwa upole kama awaza kujiua. Wengi hudhani kuuliza ni kumtia wazo moyoni. Wataalamu wamechunguza, wakaona sivyo, na mara nyingi aliyeulizwa huona nafuu kwa kupata pa kusemea. Msimwache peke yake. Ondoeni karibu naye sumu na kila kitu cha kujidhuru, mkampeleke hospitali siku ile ile. Kusikiliza hakuondoi kazi ya daktari. Humfikisha mgonjwa kwake angali hai.

Twajua lipo neno linalowakwaza wazee wetu: "Je, mzee akae kimya mbele ya mtoto? Mzee si wa kuonya?" Ni wa kuonya, nasi hatuwapokonyi kazi hiyo. Twasema juu ya utaratibu tu. Mganga atoaye dawa kabla ya kuuliza ugonjwa, hata dawa ikiwa njema, amebahatisha. Sikiliza kwanza, huenda shauri lako likabadilika, huenda likawa fupi, na huenda mtoto akalitamka mwenyewe kabla yako. Litakalotoka kinywani mwake atalishika kuliko lililotoka kinywani mwako.

Sisi tuandikao haya tulifiwa zamani na ndugu tuliyempenda. Watu wengi walikuja na maneno mengi mema, nasi hatukumbuki hata moja. Twamkumbuka mzee mmoja, jirani, aliyekaa kwenye mkeka tangu adhuhuri hata jioni, akauliza neno moja tu: "Alikuwa mtu wa namna gani?" Tukasimulia hata usiku ukaingia.

Basi, Bwana Mwalimu, twakushauri hivi. Mlango haukufungwa kwa komeo. Nenda nyumbani kwa kijana, jioni, usiende na kitabu cha mahudhurio. Ukimkuta jikoni, keti naye, umsaidie kuchochea moto. Mwambie, "Mwanangu, siku ile nilisema mengi, sikukusikiliza. Nimekosa." Mtoto hasikii maneno hayo mara nyingi kwa mtu mzima. Kisha umwulize habari za wadogo zake, na ungoje. Usitazamie ayaseme yote siku ile. Yule mama wa Rochester alifika mlangoni kwanza. Akikwisha kusema, ndipo mtazame pamoja ni nani katika ukoo, au katika jirani, awezaye kushika zamu ya jiko ili yeye arudi darasani.

Tuandikie ilivyokuwa, nasi tutakusoma pole pole. Kwaherini hata mwezi ujao.