Kabla ya kuhesabu madeni ya kamari, semeni yaliyo moyoni

Jioni ya mechi hapa Sakina, kama ilivyo kwingine jijini Arusha, utaona watu wameinamia simu wakifuatilia mikeka yao. Kwa wengi mchezo huishia hapo. Kwa wachache hauishi: ada ya mtoto inaondoka, kodi ya nyumba inafuata, kisha mikopo ya kausha damu inaanza.

Huo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuweka katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kutanguliza kamari mbele ya mambo mengine, na kuendelea hata madhara yanapoonekana wazi.

Familia nyingi hazilioni hivyo. Siri ikifichuka kinaitwa kikao. Wazee na mashemeji wanakaa, madeni yanahesabiwa, mhusika anasemwa mpaka anainamisha kichwa. Anaapa hatarudia, ndugu wanachanga, madeni yanalipwa. Baada ya miezi michache amerudi kulekule, safari hii kwa siri zaidi.

Kikao hicho kina nia njema, lakini hakina nafasi ya hisia. Mwenye uraibu mara nyingi habeti kwa tamaa ya fedha peke yake. Anabeti ili kuzima aibu, wasiwasi au upweke. Kwa dakika 90 za mechi, anasahau kuwa anadaiwa. Tukimwaibisha mbele ya ukoo, tunamwongezea kilekile anachokikimbia.

Ndiyo maana ushauri wa familia hauanzi na daftari la madeni. Unaanza kwa kumuuliza kila mmoja ana nini moyoni. Mke anaweza kusema, "Baba Neema, wewe ni mwizi." Mshauri humsaidia kutafuta kilicho chini ya hasira hiyo, na mara nyingi ni hofu: "Naogopa mwenye nyumba atatutoa, na sijui tena nikuamini kwa lipi." Kauli ya kwanza humfanya mume ajitetee au aondoke. Ya pili humbakiza kwenye kiti, na huenda ikampa ujasiri wa kusema la kwake: kwamba anaona haya kuwatazama watoto wake.

Kusikilizana si kufuta kosa. Mke amejeruhiwa, asilazimishwe kusamehe siku hiyohiyo kwa sababu mume amelia. Kukiwa na kipigo au vitisho, usalama wake na wa watoto hutangulia, na wawili hao wasikalishwe pamoja kwanza. Watoto nao waambiwe kwa maneno mepesi kwamba ugomvi wa nyumbani haukusababishwa na wao. Na kama anayebeti ni mama, utaratibu ni huohuo.

Mioyo ikitulia, ndipo ije hesabu. Ataje madeni yote, hata lile la aibu zaidi. Ndugu wasimkabidhi fedha mkononi. Ada na kodi zilipwe moja kwa moja, na deni alilipe mwenyewe kidogo kidogo. Akubaliane na familia atampigia nani hamu ikimshika. Akiteleza, aulizwe siku hiyo ilianzaje kabla ya kulaumiwa.

Dalili moja haisubiri kikao. Akianza kusema ni heri afe, au anaaga watu, msimwache peke yake. Mfikisheni hospitali siku hiyohiyo. Kwa msaada wa kawaida, anzeni kwa daktari au ofisa ustawi wa jamii katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kusimamia biashara hii, na kodi inakusanywa. Ni haki sehemu ya kodi hiyo iwafundishe wahudumu wa vituo vya afya kuketi na familia hizi. Leo nyingi zinaachiwa kikao cha ukoo, na mgonjwa anatoka hapo na aibu kubwa kuliko aliyoingia nayo, simu ikiwa bado mfukoni.