Ulimi wa Asali, Mkataba wa Shubiri

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo ilizaliwa katika zama ambapo mkopaji alimwendea mkopeshaji kwa miguu yake mwenyewe, akijua anachokihitaji na anachokiomba. Siku hizi mambo yamegeuka. Deni ndilo linalomfuata mtu. Huja limevaa tai na kubeba mkoba, likamkuta mwalimu katika majilisi wakati wa chai ya saa nne, likamwamkua kwa lugha ya mama yake, na kabla ya kengele kulia limekwisha kupata sahihi yake. Mwalimu wa watu hakuiona hata hiyo harusi. Ameletewa matanga moja kwa moja.

Nazungumzia mauzo ya shinikizo. Wakazi wa Nairobi wanayafahamu vyema kupitia kumbi za mazoezi ya viungo. Mtu huingia kuuliza bei tu. Hutembezwa, husifiwa kwa uamuzi wake wa kuutunza mwili, kisha huambiwa kwamba nafuu iliyopo mwisho wake ni leo jioni. Hutia sahihi uanachama wa mwaka mzima. Miezi miwili baadaye miguu yake imechoka kwenda ukumbini, lakini mkataba hauchoki; kila mwezi hudai haki yake.

Msomaji wa Mbooni huenda akacheka. Anayepanda na kushuka milima yetu kila siku, kutoka bondeni hadi soko la Kikima, ana haja gani ya kulipia mashine ya kutembea mahali pamoja? Hata hivyo, asicheke mno. Kinachouzwa katika kumbi zile si mazoezi bali ni mkataba, na mkataba ule ule huingia shuleni mwetu ukiwa umevaa nguo nyingine: seti za vitabu, simu, matangi ya maji, bima na mengineyo. Vyote huja na wimbo mmoja, kwamba hulipi chochote leo, ni makato madogo tu ya mshahara.

Kwa nini mwalimu? Kwa sababu mshahara wake ni wa kutegemewa na hulipwa mwisho wa mwezi bila kujali mvua imenyesha au imekosekana. Mkulima wa mahindi na mbaazi hawezi kumwahidi mchuuzi pesa za miezi 24 ijayo, mwalimu anaweza. Zaidi ya hayo, makato yakishaidhinishwa, pesa huchukuliwa kabla mwenyewe hajazitia machoni. Asichokiona hakimwumi upesi, na akija kuhisi maumivu, stakabadhi yake ya mshahara imekwisha kuwa orodha ya wadai.

Mimi ni mwanaisimu, si mwanasheria, na jambo linalonishughulisha zaidi katika biashara hii ni lugha. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa mwaka 1955 katika Chuo Kikuu cha Harvard, alitufunza kwamba kuna maneno yasiyoeleza jambo bali yanayolitenda. Asemaye "naahidi" hasimulii ahadi, anaifunga. Sasa tazama maneno yaliyochapwa juu ya nafasi ya sahihi katika mikataba mingi: kwamba mteja amesoma, ameelewa na amekubali masharti yote. Kwa kutia sahihi, mwalimu ametenda mambo matatu, ilhali huenda hakutenda hata moja. Hakusoma, kwa kuwa kengele ilikuwa inakaribia. Hakuelewa, kwa kuwa Kiingereza cha mawakili si kile Kiingereza anachokifundisha darasani. Na alichokikubali ni yale aliyoambiwa kwa mdomo, si yaliyoandikwa.

Hapo ndipo penye kiini cha hila yenyewe. Biashara hii hutumia lugha mbili na kuzigawia kazi. Kikamba na Kiswahili hupewa kazi ya kushawishi: undugu, mzaha, pongezi na ahadi. Kiingereza cha herufi ndogo hupewa kazi ya kufunga. Mnunuzi hujadiliana katika lugha moja na hudaiwa katika nyingine. Wakala akisema kwa Kikamba kwamba mtu anaweza kuacha wakati wowote, na karatasi ikisema kwa Kiingereza kwamba hawezi, ni ipi itakayosimama mahakamani?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa karatasi. Mwaka 1934 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Bi L'Estrange, mwenye mkahawa aliyenunua mashine ya kuuzia sigara. Mashine ilipoharibika alidai haki yake, akaambiwa kwamba maandishi madogo aliyoyatilia sahihi yalikuwa yamekwisha kuifuta haki hiyo. Mahakama ikasema kwamba aliyetia sahihi amefungwa, awe amesoma au hakusoma. Wakili wa muuzaji katika kesi hiyo aliitwa Alfred Denning. Baadaye, akiwa jaji mwaka 1956, Denning huyo huyo alisema kwamba baadhi ya vipengele vya mikataba ni vikali hata vingestahili kuchapwa kwa wino mwekundu, na mkono mwekundu ukivielekeza. Kenya, kupitia Sheria ya Mikataba iliyoanza kutumika mwaka 1961, iliyapokea mapokeo hayo ya Kiingereza kuwa msingi wa sheria yake ya mikataba.

Wazee wetu walikuwa na mapokeo mengine. Katika mwethya, ule ushirika wa kazi uliojenga matuta mengi ya mashamba Ukambani, deni la jasho lilijulikana na kila mtu. Nimekulimia leo, utanilimia kesho. Masharti yake yalisemwa kwa lugha iliyoeleweka, mbele ya macho ya watu, na hapakuwa na kipengele kilichofichwa nyuma ya ukurasa. Sitaki kuyapamba mambo ya kale kupita kiasi, kwani mwethya nao ulikuwa na mizozo yake. Nasema tu kwamba anayetoka katika utamaduni ambamo neno lililonenwa hadharani lina uzito, huingia katika mkataba wa maandishi akiwa amebeba imani ambayo karatasi haina nia ya kuiheshimu. Wachuuzi wanalijua hilo, na huitumia imani hiyo kama mtaji.

Sasa habari njema, ambayo kwa maoni yangu walimu wengi hawajafikishiwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji na haki ya kulindwa masilahi yake ya kiuchumi. Kutokana na kifungu hicho ilitungwa Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Sheria hiyo inavitaja waziwazi vyama vya afya na mazoezi, ngoma na michezo ya kujihami: mkataba wake usizidi mwaka mmoja, na mteja anaweza kuuvunja ndani ya siku 10 bila kutoa sababu yoyote. Siku 10 hizo hizo hupewa pia anayeuziwa bidhaa nje ya duka la muuzaji, kwa mfano nyumbani au kazini kwake, na huhesabiwa tangu apokee nakala ya mkataba. Si kila mauzo yamo chini ya sheria hiyo; ununuzi wa ardhi, kwa mfano, una sheria zake. Lakini vitabu, simu na matangi yanayoletwa majilisini yanahusika.

Kuna zaidi. Miongoni mwa ishara za mauzo dhalimu, sheria hiyo inataja mteja kusukumwa kupita kiasi, na pia mteja kutoweza kuielewa lugha ya mkataba. Inasema kwamba penye utata, maneno yafasiriwe kwa manufaa ya mnunuzi. Na inasema kwamba haki hizo hazifutwi na sahihi ya mtu, hata mkataba ukidai vinginevyo. Laiti Bi L'Estrange angalikuwa na sheria kama hiyo!

Tuseme basi mwalimu ameletewa tangi la thamani ya Sh12,000, naye akubali kukatwa Sh1,500 kila mwezi kwa miezi 12. Atalipa Sh18,000. Mwanafunzi wa sekondari ataona mara moja kwamba nyongeza ni nusu ya bei. Mwalimu wake wa hisabati amwongoze mbele kidogo: kwa kuwa deni hupungua kila mwezi, na mwalimu hakai na zile Sh12,000 mwaka mzima, riba ya kweli ni kubwa kuliko hiyo asilimia 50. Hesabu hiyo wakala haifanyi kamwe kwa sauti.

Je, aliyekwisha kunaswa afanye nini? Kwanza, adai nakala ya mkataba na asome tarehe. Kama siku 10 hazijapita, aandike barua ya kuuvunja, aifikishe na abaki na nakala. Pili, aikague stakabadhi yake ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato kupita thuluthi mbili za mshahara. Thuluthi inayobaki ni ya chakula na karo, wala si zawadi ya mwajiri. Tatu, asilipe deni kwa deni. Mikopo ya simu hupatikana kwa dakika moja, na kwa urahisi huo huo humzamisha mtu. Aliyekwisha kuichukua ajue kwamba kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni, na zinawakataza kumtishia mdaiwa au kuwapigia jamaa zake ili kumwaibisha.

Nne, azungumze na mdai wake mapema na kwa maandishi. Dawa ya deni ni kulipa, naam, lakini lililo halali na kwa kiasi kilicho halali. Wasiokubaliana wanaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na mtu anaruhusiwa kujitetea bila wakili. Wala vitisho vya jela visimnyime mtu usingizi. Kifungo cha madai hakitolewi kwa kuwa mtu ni maskini. Ni lazima mahakama iridhike kwamba ana uwezo wa kulipa naye amekataa.

Hata hivyo, tiba bora ni kinga. Walimu wakuu waweke kanuni kwamba hakuna karatasi ya mauzo itakayotiwa sahihi shuleni siku ile inapoletwa. Nafuu inayokufa jioni haikuwa nafuu. Nao walimu wa lugha, wa Kiingereza na wa Kiswahili, wauingize mkataba darasani kama tunavyoingiza barua rasmi na insha. Mwanafunzi wa Tulimani au Kalawa ambaye hajawahi kusoma kipengele cha mkataba hadi atakapomaliza shule tumemtuma sokoni bila macho.

Na kwa watunga sheria nina ombi moja. Katiba yetu, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mwananchi aliyeshtakiwa katika mahakama ya Tawa anaweza kujitetea kwa Kiswahili, lakini karatasi iliyomfikisha huko imeandikwa kwa Kiingereza. Kwa nini lugha impokee akiwa mshtakiwa na imkatae alipokuwa mnunuzi? Kila mkataba wa makato ya mshahara sharti uwe na nakala ya Kiswahili yenye nguvu sawa, na bei ya jumla iandikwe juu ya sahihi, si nyuma ya ukurasa. Anayeuza kitu chema hatapungukiwa na chochote kwa kueleweka.